Waya wa Ghorofa ya Tatu

Skuta ya Catello ilizimika mchana kweupe katikati ya soko la Pignasecca, mbele ya meza ya muuza pweza. Haikukohoa wala haikutoa moshi. Ilinyamaza tu, kama ilivyokuwa imenyamaza tangu asubuhi, ndiyo maana watu walichelewa kuelewa kwamba imekufa.

"Kijana, piga stata utupishe," muuza pweza akamwambia.

"Haina stata. Hii ni ya umeme."

"Basi wapigie simu watu wa umeme."

Soko likacheka. Catello hakucheka. Alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyoanza kung'aa magotini na tai yenye rangi za duka lao. Kazi yake ilikuwa kuuza skuta za umeme mjini Napoli, na huo ulikuwa mwaka 2011, wakati hakuna aliyezitaka. Watu walikuja dukani, wakazikalia, wakauliza mlio wake uko wapi. Wakiambiwa hazina mlio, walishuka. Tangu mwaka uanze alikuwa ameuza mbili, na moja ilinunuliwa na padri.

"Kaka, tembea au tupishe," sauti ya mwanamke ikasema nyuma yake. "Nimesimama kwa miguu hii tangu alfajiri."

Aligeuka. Mwanamke alivaa koti jekundu juu ya sare ya uuguzi, viatu vyeupe vya kazini, na nywele alizozibana kwa kalamu. Chini ya macho alikuwa na weusi ambao poda haikuufikia.

"Dada, hiki chuma ni kizito kuliko sisi wawili tukijumlishwa."

"Nishikie dagaa wangu." Akampa mfuko, akashika usukani yeye mwenyewe. "Wewe sukuma nyuma. Naishi hapo kwenye kona."

Ndivyo Ersilia alivyomleta kwenye kichochoro chetu, na ndivyo sisi tulivyompata mtu mpya wa kumtazama. Alipanda kwake ghorofa ya tatu, dirisha likafunguka, kikapu kikaanza kushuka kwa kamba. Kikapu hicho tulikizoea. Kilishuka na pesa ya mkate kikapanda na mkate, au kilishuka na funguo za mlango wa chini daktari alipokuja kumwona baba yake, mzee Aniello, aliyelala kitandani tangu apooze. Siku hiyo kilishuka na waya wa umeme.

"Chomeka," alisema kutoka juu. "Na usiguse kamba ya nguo."

Kesho yake Catello alirudi, na siku zilizofuata pia. Mwenye duka lake alikuwa mwoga wa moto, akizima swichi kuu kila walipofunga kwa chakula cha mchana, na skuta ikichoshwa na milima ya mji wetu haikufika jioni. Kwa hiyo alikaa chini ya dirisha kwenye kiti alichoazimwa na Bi Melina, mama wa chumba cha chini, akaweka keki mbili za moto kwenye kikapu, akapiga simu. Hawakuweza kupaza sauti, mzee alikuwa amelala. Mapenzi yao yalikuwa ya simu na ya kukunja shingo.

"Umekula?"

"Nimekula, roho yangu."

"Muongo wewe. Angalia kikapuni, nimekuwekea mkate na biringanya."

"Ersilia, mpaka lini nitakuwa naona kidevu chako tu?"

"Kidevu changu kina ubaya gani?"

"Hakina. Ila nadhani una sehemu nyingine pia."

"Catello, Bi Melina anasikia."

"Nasikia," alisema Bi Melina, akiendelea kumenya njegere.

Jumapili walitembea pwani, mara chache, jirani alipokubali kukaa na mzee. Ersilia alivaa gauni la kijani na kulala usingizi begani kwake kwenye benchi. Catello hakumwamsha. Yeye mwenyewe alikuwa hoi, na pale alijisikia vizuri kuliko mahali pengine popote.

Vuli ilipoingia, uwanja wa jirani ukawekwa nguzo ya kuchajia, ya kwanza kuonwa na wengi wetu. Mchana ule Catello alimwona Ersilia akisinzia dirishani, kamba mkononi. Moyo ukamuuma. Akapiga simu.

"Mpenzi, kuanzia kesho usihangaike na waya. Pale uwanjani kuna nguzo. Wewe lala."

Ersilia akaanza kuivuta kamba juu.

"Umefurahi?"

"Sawa, Catello."

Mwanamume akisikia "sawa" ya namna hiyo anapaswa kupanda ngazi mbili mbili. Yeye alikwenda zake akiamini amefanya wema. Tangu hapo alishinda mchana penye nguzo, maana skuta ikiachwa pale peke yake ingeibiwa abaki na kofia tu, na kila alipopiga simu haikupokelewa.

Kwetu waya ule ulikuwa sawa na pete. Mtu hashushi umeme wa nyumba yao kila mchana kwa mpita njia. Haukuonekana siku ya kwanza, tukanyamaza. Siku ya tatu muuza mkate alimhudumia Ersilia bila kumtania, na hapo akajua kwamba kichochoro kizima kimeshamhurumia.

Siku aliyopokea simu, alisema hivi: "Ulikuja ukiwa huna umeme, ukapata. Sasa umeupata kwingine. Sina kinyongo."

"Nilitaka upumzike, Ersilia."

"Nani alikwambia nimechoka?"

"Uso wako."

"Huu ndio uso nilionao. Kaa na nguzo yako."

Akakata. Alilia kidogo jikoni, akanawa, akaenda kumgeuza baba yake.

Novemba duka likafungwa. Skuta zote zikapakiwa kwenye lori kurudishwa kiwandani, pamoja na ile ya Catello. Alikuja kwetu kwa miguu, bila tai, mvua nyembamba ikimlowesha.

"Skuta iko wapi?" Bi Melina akamuuliza.

"Wamechukua. Na kazi imeisha."

"Kwa hiyo?" Bi Melina akamsogezea kiti. "Hivi unajua yule binti alikuwa akifua saa ngapi?"

"Kufua?"

"Mashine ya kufulia na skuta yako vikiwaka pamoja, nyumba yote inakatika umeme. Mashuka ya mzee yanabadilishwa kila siku. Akawa anafua kabla ya alfajiri, halafu anakwenda zamu, ili mchana umeme uwe wako. Huo ndio uchovu uliouona."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekwambia, ungekuja?"

Catello aliacha kiti. Akasimama chini ya dirisha, na safari hii hakutumia simu.

"Ersilia. Shusha waya."

Dirisha likafunguka. "Utauchomeka wapi?"

"Sina pa kuuchomeka. Sina skuta, sina kazi, kesho sijui nitauza nini. Lakini nimechoka kukaa mchana mahali ambapo wewe hupo."

Madirisha mengine yalikuwa yamefunguka. Ersilia aliyaona, hakujali.

"Nina neno na baba yako," Catello akaongeza.

"Baba hasemi tena, unajua."

"Atanisikiliza tu. Nitasema mimi."

Dirisha likafungwa. Sote tukalitazama. Bi Melina alianza kurudisha kiti chake ndani, kisha akasita, maana kikapu kilikuwa kinashuka polepole, kikigonga ukuta. Catello akakipokea kwa mikono miwili.

Kikapuni hamkuwa na waya. Mlikuwa na funguo za mlango wa chini.

"Futa viatu," Ersilia alisema kutoka juu. "Nimetoka kupiga deki."