Maneno Juu ya Gauni Jeupe

Jua la adhuhuri lilikuwa limesimama wima juu ya stendi kuu ya mabasi, watu wakipishana kwa viwiko, pale msichana mmoja mwenye blauzi ya kijani alipomziba njia mwanamume aliyening'iniza kamera shingoni, akamnyooshea simu.

"Samahani, kaka yangu. Nisomee hapa."

Simu yenyewe ilikuwa ya bei ya chini, kioo kimepasuka pembeni. Mwanamume aliona picha ya bwawa la kuogelea la hoteli, maji yakimeta kama fedha iliyosuguliwa.

"Picha nzuri sana," alisema.

"Sikukuuliza picha. Nimekwambia soma."

Akaikinga jua kwa kiganja, akakunja uso. "Kuna kitu kama vumbi."

"Hilo vumbi ndiyo namba ya simu ya hoteli. Huyo aliyepiga picha, maji yake yanang'aa mpaka yanameza maandishi."

"Aliyepiga ni mimi."

Mwingine angeona haya. Yeye alimtazama juu mpaka chini, kuanzia shati lake jeupe lililopigwa pasi kwa makini hadi viatu vyenye vumbi, akamwambia basi Mungu kamleta, maana maji yake yamemnyima usingizi wiki nzima.

Msichana alikuwa mtengenezaji wa tovuti, na alikuwa na desturi yake moja. Kabla hajamkabidhi mteja ukurasa wowote, alitoka nje juani na simu mbovu kuliko zote alizokuwa nazo, akamsimamisha mpita njia asiyemjua na kumwomba asome kwa sauti. Msomaji akikwama, kazi inarudi mezani. Wenzake ofisini walimcheka. Wateja wake hawakumhama.

Siku ile mwanamume alimsindikiza hadi ofisini ili aone dawa ya maji yake. Alionyeshwa pazia: utando mweusi, mwembamba, unaotandazwa kati ya picha na herufi, ili herufi nyeupe zipate pa kusimama. Mwanamume alisema picha yake inavishwa nguo za msiba. Msichana akamjibu kwamba marehemu angalau ataweza kupigiwa simu. Wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichowafunga.

Mwanamume akamwita Fundi. Fundi akamwita Jicho.

"Uko wapi, laazizi?" Jicho aliuliza simuni kila mchana.

"Niko juani, nasumbua watoto wa watu."

"Utaungua."

"Nikiungua utanipiga picha, useme ni mwanga."

Fundi aliishi kwa dada yake mkubwa, mshonaji, ambaye sebule yake ilijaa vitambaa na pini. Jumapili moja dada alimshonea gauni jeupe la mikono mirefu, na Jicho akamkuta nalo kando ya dirisha. Akampiga picha moja tu. Upande mmoja kabati la vitabu, jeusi tii. Upande wa pili gauni, mapazia na mwanga, vyote vyeupe, na uso wa Fundi ukitokeza katikati ya weupe ule kama neno la kwanza la shairi. Jicho aliapa kwamba picha ile hataiuza wala hataigusa.

Aliapa vilevile, kimoyomoyo, kwamba atamwoa. Lakini moyo wa mwanamume yule ulikuwa na moto, na moto hauchagui cha kuunguza.

Waligombana siku ya kuzindua tovuti ya zahanati moja. Fundi alikuwa ametumia picha ya Jicho ya mama na mtoto katika mwanga wa asubuhi, na juu yake ameweka namba ya dharura. Katikati ameshusha pazia, zito kuliko kawaida. Jicho aliiona ukutani mbele ya madaktari na wageni, na damu ikampanda.

"Umeifukia picha yangu," alisema, kila mtu akisikia.

"Mwenye mgonjwa hatafuti picha, Jicho. Anatafuta namba."

"Wewe kazi yako ni kuandika juu ya kazi za wenzako."

Fundi alifunga kompyuta yake taratibu, akaaga wenyeji kwa heshima, akaondoka.

Jicho alijuta kabla hajafika nyumbani. Angeweza kupiga simu. Angeweza kwenda kwa dada, akaketi kati ya vitambaa na kusema neno moja. Lakini kwa mwenye kiburi, neno hilo moja ni kama mwiba wa samaki kooni. Aliona afanye jambo kubwa, jambo litakalolingana na kosa. Alifungua ukurasa mpya katika tovuti ya studio yake, akaitandaza ile picha ya dirishani, nzima, bila pazia, na juu yake akaandika kwa herufi nyeupe:

"Fundi wangu, nimekosa. Jumamosi saa kumi nitakuwa kwenye ngazi za maktaba. Ukija, nitakuja kwenu kuposa. Usipokuja, nitaelewa."

Kwenye skrini kubwa ya studio maneno yalitua juu ya kabati jeusi, yakang'aa. Jicho alijisifu. Hakuufungua ukurasa kwenye simu. Hakutoka nje juani. Akamtumia Fundi anwani ya ukurasa huo pamoja na neno moja: "Fungua."

Sasa, skrini ya simu ni nyembamba, nayo picha pana hukatwa pembeni ili ienee. Kabati lilikatwa, gauni likabaki. Na herufi hazikulifuata kabati. Zilibaki mahali pake, nyeupe juu ya weupe.

Fundi aliufungua ukurasa palepale stendi. Alijiona mwenyewe. Chini yake jina la studio na namba ya simu. Juu ya gauni kulikuwa na mikwaruzo fulani; alisugua kioo kwa kidole, haikutoka. Akadhani ni bei, au saa za kufungua. Picha ambayo Jicho aliapa hataiuza!

Dada yake aliitazama, akarudisha simu na pini zikiwa bado mdomoni. "Umefanywa bango, mdogo wangu," alisema. "Na gauni langu nalo."

Kama kuna saa ya kujutia katika hadithi hii, ndiyo hiyo. Yeye aliyewasomesha nusu ya wapita njia wa stendi, siku hiyo hakumwomba hata mmoja amsomee. Hasira ilimwambia kwamba ameshasoma.

Jumamosi Jicho alisimama kwenye ngazi za maktaba, shati limenyooka, hadi mlinzi alipomwomba apishe, anafunga lango. Akaelewa, kama alivyoahidi. Alielewa vibaya. Alifuta namba ya Fundi na hakuufungua tena ukurasa ule.

Fundi alihamia mji mwingine, kwenye kazi mpya. Huko alizoeana na mhasibu wa kampuni, mpole, mcheshi kwa kiasi chake, mtu wa kumkumbusha abebe mwavuli. Wazee wa mhasibu walipokwenda kwa dada yake, Fundi aliulizwa, akaitikia. Hakulazimishwa na mtu.

Kisha ikaja asubuhi aliyopangiwa kuwafundisha waajiriwa wapya. Alitaka mfano mbaya wa maandishi yaliyomezwa na picha, na mkono wake ukaandika anwani ambayo akili ilidai imeisahau. Picha ikaenea ukutani, pana, na kabati lake.

"Hapa kuna maneno yasiyosomeka," alisema akiwa amewageukia. "Sijui ni bei au nini."

"Mbona yanasomeka, dada," alisema binti wa mstari wa mbele. Akasoma kwa sauti, kuanzia Fundi wangu hadi nitaelewa.

Fundi aliwaomba wampe dakika chache. Alitoka hadi kwenye korido, akauegemea ukuta, akapiga namba iliyokuwa chini ya picha.

"Jicho."

"Fundi."

"Nimeyasoma leo."

"Leo?"

"Kwenye simu yaliangukia gauni. Sikuona kitu."

Jicho alikuwa amesimama. Akaketi juu ya sanduku la lenzi.

"Kwa nini hukunipigia?" Fundi aliuliza.

"Nilikuandikia."

"Uliandika pasiposomeka, mpenzi." Neno hilo la mwisho lilimponyoka, na hakuna aliyelirudisha.

"Na wewe kwa nini hukuniuliza?"

"Nilidhani najua."

Jicho alimuuliza, kwa sauti ambayo haikuwa na moto hata kidogo, ikiwa Jumamosi hii atasimama tena kwenye zile ngazi.

"Usisimame," Fundi alisema. "Wazee wa mtu wameshakuja kwetu, nami nimeitikia. Hajanikosea kitu, Jicho."

"Mimi ndiye nimekukosea."

"Tumekoseana." Akavuta pumzi. "Uondoe ukurasa ule, tafadhali. Wasije wengine wakausoma."

Jicho aliahidi. Lakini kwanza alifanya kitu alichoapa hatakifanya: alishusha pazia juu ya picha ile. Gauni likafifia, dirisha likafifia, uso wa Fundi ukarudi nyuma kama mtu anayeingia chumba cha ndani, na maneno yakasimama wazi. Alitoka na simu yake hadi stendi, jua likiwa wima, akamsimamisha mama mmoja mwenye miwani aliyekuwa akisubiri basi.

"Samahani, mama yangu. Nisomee hapa."

Mama alisoma bila kukwama mahali popote. Akapandisha miwani, akamtazama.

"Maneno ya kiungwana. Alikuja?"

"Yanasomeka vizuri, mama?"

"Yanasomeka, mwanangu. Nimekuuliza, alikuja?"

"Hayakumfikia," Jicho alisema. Akamshukuru, akasogea kando kuwapisha watu, na palepale juani akaufuta ukurasa.