Bwana Wangu Alinilipia Mgongo, Nikapoteza Nyumba

Nina miaka hamsini na sita. Ninaishi peke yangu hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, katika chumba cha kupanga, na kazi yangu ni kuuza viazi na maharagwe. Wenzangu sokoni huniambia nina bahati, maana ninabeba gunia bila kulalamikia mgongo kama wao. Ninanyamaza tu. Leo sitanyamaza... Wasomaji wenzangu, acheni niwaeleze bahati hiyo ilinigharimu nini.

Wakati wa vita nilikuwa bado na nguvu zangu, mke wa mchuuzi wa mawese huko Musienene. Mungu alitupa mtoto mmoja tu, binti yetu Masika. Baada yake sikupata mimba tena, na mama mkwe hakuacha kunikumbusha. Lakini bwana wangu hakuwahi kunitukana kwa jambo hilo. Nilijiona niko salama!

Siku moja ya soko waasi walitufungia njia. Walitafuta watu wa kuwapandishia mizigo mlimani. Mimi nilitwishwa sanduku la risasi mgongoni, kamba ikanikaza kwenye paji la uso, kama tunavyobeba sisi wanawake wa huku. Mvua ilikuwa imenyesha. Niliteleza... nikasikia kitu kikikatika kiunoni, na mguu wa kushoto ukawa kama si wangu. Waliokota sanduku lao. Mimi waliniacha kwenye tope.

Tangu hapo sikuweza kulima, wala kuinamia chungu jikoni. Muuguzi wa kituo cha afya alinipa vidonge, akasema nipumzike, itapita. Haikupita. Nililala chali nikisikiliza wengine wakiishi uani. Mnajua hali hiyo ilivyo? Kuwa nyumbani kwako, na maisha yako yanaendelea bila wewe!

Ndipo bwana wangu akasema atanipeleka Beni, kwa munganga, yaani daktari, mtu wa Kasai. Serikali ilikuwa imemtuma huku, vita vikakata mshahara wake, naye akaanza kutibu watu kwa malipo nyumbani kwake. Bei yake ilitisha. Mama mkwe alipiga kelele mpaka majirani wakasikia:

"Hizo franga zote juu ya mugongo? Mugongo ya mwanamuke iko ya kuuma, njo vile Mungu aliitengeneza!"

"Wacha, mama," bwana wangu akamjibu. "Ni bibi yangu. Mi njo nalipa."

Nililia kwa furaha. Wanawake walikuja kuniaga wakisema wanaume kama huyo hawako wawili. Na mimi, kwa nini ningekuwa na shaka?

Nilifika Beni nimelazwa juu ya magunia katika kamiyo, lori la mizigo. Munganga alinipa chumba nyuma ya nyumba yake. Siwezi kumsingizia, kazi aliijua. Aliniondolea godoro, akanilaza juu ya ubao. Alinichoma sindano, akanivuta mguu polepole, akanifundisha kuinua miguu nikiwa nimelala, kisha kukaa, kisha kusimama. Maumivu yaliyokuwa yameteremka mpaka kisiginoni yakaanza kupanda, yakapungua, yakaisha.

Asubuhi moja nilijikuta mlangoni kwa miguu yangu mwenyewe! Nikaita, "Njooni muone!" Hakuna aliyekuja. Nani angekuja? Kila mgonjwa pale alikuwa na dada au mama wa kumpikia na kumgeuza. Mimi sikuwa na mtu. Nilicheka peke yangu, kisha nikarudi ndani.

Bwana wangu alikuja mwanzoni tu. Mimi nikiwa nimelala, yeye na munganga walisimama uani wakaongea kwa muda mrefu, wakaagana kwa mikono. Baadaye akawa anatuma malipo kwa dereva wa kamiyo, pamoja na neno lile lile... nisirudi, barabara ni mbaya, munganga hajamaliza. Na kweli barabara ilikuwa mbaya. Watu walikuwa wakiuawa humo. Ndiyo maana niliamini.

"Bado kidogo, mama," munganga naye aliniambia kila aliponichoma. "Mugongo haina mambo ya haraka."

Maharagwe yakavunwa, yakapandwa, yakavunwa tena. Nilimwomba dereva aniletee Masika nimuone hata kidogo. Alitazama pembeni, akasema atamwambia baba yake. Masika hakuja.

Kisha vita vikaikaribia Beni. Tuliamka tukakuta watu wamejaa njiani na magodoro vichwani. Nikakimbia kwa munganga... ndiyo, nilikimbia! Nilimkuta akifunga vitu vyake kwenye baiskeli. Nikamwomba sindano ya kwenda nayo safarini, mgongo usije ukanishinda njiani.

Akaacha kufunga kamba.

"Sindano gani tena, mama? Ulishapona zamani. Ile yote ya nyuma ilikuwa vitamini tu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza, basi ulinishikia nini hapa muda wote huu?

"Bwana yako njo aliomba," akasema bila kuniangalia. "Alisema nikuweke huku mpaka atume habari. Lakini mama, mushahara hakuna, batoto banakula nini? Unisamehe."

Nilimwacha pale. Nikaingia katika ule umati, nikashika njia ya Butembo kwa miguu. Karibu yangu mama mmoja aliyekuwa na watoto wawili alikaa chini, hawezi tena. Nikambeba yule mkubwa mgongoni. Tulipanda milima, tukashuka, tukapanda. Kila mlima nilingoja kiuno kikatike... hakikukatika. Mgongo ulikuwa mzima kabisa! Sikuwahi kulia kwa ajili ya mgongo ule kama nilivyolia siku ile ulipokuwa hauumi.

Butembo nilimrudishia yule mama mtoto wake, nikaendelea peke yangu. Nilipofika nyumbani Musienene, mwanamke nisiyemjua alikuwa anaanika mahindi uani, na mtoto mchanga wa kiume mgongoni. Masika akatokea na kidumu cha maji. Alikuwa amerefuka! Nikafungua mikono. Alinitazama, akapita, akaenda kusimama karibu na yule mwanamke.

"Mama," akamwambia yeye, "kuko mugeni."

Bwana wangu akatoka ndani. Hakupiga kelele hata kidogo.

"Nani alikuambia urudi?"

Nikamuuliza nilimkosea nini.

"Nilikulipia kuliko mwanaume yeyote wa hapa. Ulikuwa kilema, sasa unatembea. Unataka nini tena?"

Maneno yake yalikuwa ya kweli! Na kijiji chote kilikuwa upande wake. Nilipolalamika waliniambia mwingine angeniacha nioze kitandani. Nilikwenda kwa katekista, maana tulifunga ndoa kanisani, akaniambia nivumilie. Mama mkwe aliniletea nguo zangu zimefungwa tayari. Masika alikuwa ameambiwa kwamba nilikataa kurudi, kwamba nimependa maisha ya Beni na mtu wa Kasai. Mtoto angejuaje?

Nilikuja Butembo na nguo hizo. Miaka ilipita kabla binti yangu hajakubali kukaa nami na kusikiliza. Alilia, akaniomba msamaha, na siku hizi hupita kunisalimia. Lakini siku ya mahari yake, mbuzi wa mama alipewa yule aliyemlea. Mimi nilikaa kwenye benchi la wageni. Nikala, nikapiga makofi, nikarudi chumbani kwangu.

Ndugu zangu, sisemi mkatae matibabu ya kulipia. Zile wiki za kwanza za munganga yule zilikuwa na thamani yake, na ningekuwa na uwezo ningezilipa kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini msikubali mambo ya mwili wenu yapangwe uani ninyi mkiwa mmelala ndani! Muulizeni munganga kwa kinywa chenu anatibu nini, na mwisho wake ni lini. Nendeni na mtu wenu, hata kama ni mzee asiyeweza kupika. Na anayewalipia mshukuruni, lakini msimpe haki ya kuwasemea. Mimi niliona haya kumuuliza mtu aliyenilipia. Nawaomba, ninyi ulizeni.