Kaka Yangu Alifunga Mlima kwa Geti

Sikuamini macho yangu!

Mtu aliyepiga magoti kwenye theluji, spana mkononi, akikaza nati za geti la chuma pale njia ya mlimani inapoanzia... alikuwa kaka yangu!

Kassian. Kaka wa tumbo moja. Ndiye aliyenifundisha kusimama kwenye skii, zile za kuvaa miguuni kutelezea theluji, kabla sijajua kufunga kamba za viatu.

Juu ya geti kuna kibao chekundu. HAKUNA KUPITA. HATARI YA MAPOROMOKO YA THELUJI.

"Kassian, unafanya nini?"

Hakuinua hata kichwa.

"Nafanya kazi, Tilli."

"Kazi ya nani?"

"Ya kampuni ya lifti. Na usianze."

Jamani! Hasira ilinipanda!

Ngoja niwaweke sawa kidogo, msije mkaniona mwehu.

Mimi ni Ottilie, kijijini wananiita Tilli. Nina kibanda cha wapanda mlima kule juu Hinterkar. Wageni wangu si wale wa kubebwa na lifti, vile viti vinavyoning'inia kwenye waya. Wanabandika ngozi chini ya skii ili wasiteleze kurudi nyuma, wanapanda kwa miguu yao asubuhi nzima, wanakula supu yangu ya madonge ya maini, halafu wanashuka kwenye theluji ambayo hakuna aliyeigusa. Ndiyo maisha yangu hayo. Sina mengine, na sitaki mengine.

Sasa kampuni hiyo ya lifti, ya bonde la pili, inataka kulipua ukingo wa mlima, isimike lifti, iunganishe viwanja vyake vya skii na kwetu. Kibanda changu kibomolewe, pajengwe mgahawa wa vioo. Na sisi wa kupanda kwa miguu? Eti tutakuwa "kero kwa wateja"!

Kilichowazuia ni kimoja tu. Mlima ule si wa serikali wala wa tajiri. Ni wa ushirika wa malisho, nyumba kumi na moja za kijiji chetu zinazopeleka ng'ombe kule majira ya joto. Bila kura ya ushirika, hakuna lifti. Kura ilikuwa Jumapili ile.

Mimi sina kura. Kura inafuata nyumba, na nyumba ya baba alirithi Kassian.

Geti lilifungwa Ijumaa. Yaani kura bado, geti tayari!

"Kassian, maporomoko gani hapa? Njia inapita katikati ya msitu! Lini theluji imewahi kuporomoka ndani ya miti hii?"

"Soma kibao."

"Kibao kimeandikwa na mtu asiyejua hata mlima unaanzia wapi!"

Mlango wa gari la kampuni, lililoegeshwa kando ya geti, ukafunguliwa. Akashuka jamaa mmoja, koti jipya, miwani ya jua.

"Bi Ottilie, naitwa Mhandisi Gerold. Nakuomba uelewe kuwa..."

"Gerold tu. Kwetu ukishafika kwenye theluji hakuna bibi wala mhandisi, tunaitana majina. Haya Gerold, sogea, nina supu ya kupika."

Nikarusha skii zangu upande wa pili wa geti. Nikakanyaga chuma cha kwanza.

Kaka yangu akanishika mguu!

"Tilli, ukipita hapa naita polisi. Nakwambia kweli."

Nilimtazama machoni. Sikumwona Kassian wangu mle ndani, wallahi.

"Waite," nikamwambia. "Na uwaambie waje na skii, gari haifiki kule juu."

Nikaruka.

Nililia njia nzima. Lakini nilipanda!

Nilipofika kibandani nikaandika kwenye kundi la kijiji la simu. Maneno machache tu: "Wamefunga mlima wetu. Kesho baada ya kukamua, kila mwenye skii aje getini. Tunapita mchana kweupe."

Nikadhani watakuja wawili watatu.

Weee!

Jumamosi kulikuwa na msururu kutoka getini hadi kanisani! Mwalimu kaja. Mwoka mikate kaja, unga bado mikononi. Padri kaja na skii za mbao za ujana wake! Wanaruka geti mmoja mmoja, wanacheka, wanapeana mikono, vikongwe wanabebwa juujuu.

Polisi naye akaja kweli. Egon, kijana wa hapahapa.

"Ndugu zangu, mnavunja amri... tafadhali rudini..."

Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye foleni.

"Egon!"

Alikuwa mama yake mzazi.

"Naam, mama..."

"Acha kubwabwaja. Nishike mkono nisianguke."

Egon akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akamshika mama yake mkono, akamvusha geti!

Watu walicheka mpaka wakakaa kwenye theluji. Hata mimi niliyeamka na jipu moyoni nilicheka.

Lakini Kassian alikuwa amesimama pembeni, mikono mifukoni. Akanisogelea taratibu.

"Chekeni tu. Kesho nina kura, dada. Wewe una kelele."

Kilinichoma, kwa sababu kilikuwa kweli.

Jumapili baada ya misa tukajaa ukumbi wa nyumba ya wageni. Wenye kura mbele, sisi wengine tumebanana ukutani.

Na pembeni ya Kassian alikaa nani? Romana. Mkewe. Wifi yangu!

Niwe mkweli, nilikuwa simpendi. Koti la bei, kucha za rangi, salamu za kutabasamu nusu. Tangu wavunje zizi la baba ili wajenge vyumba vya watalii, nilisema huyu ndiye aliyemgeuza kaka yangu kichwa. Ng'ombe wetu wote, Kassian alisema, amewapeleka pamoja na nyasi zao kwa baba yake Romana, ng'ambo ya mlima, mpaka ujenzi uishe. Mzee yule anaheshimika, kila mtu akaridhika.

Kassian akasimama kuongea. Alijua kuongea, sitamdhulumu.

"Watoto wetu wanakwenda mjini kuosha vyombo vya watu. Shule inafungwa. Mnataka tubaki na nini hapa? Mandhari? Mandhari hailiwi! Lifti ni ajira. Lifti ni watoto kurudi nyumbani."

Watu wakanong'ona. Wengine wakatikisa kichwa kukubali. Nikaona mlima unanitoka mkononi.

"Wanarudi wafanye nini?" nikapasua sauti kutoka ukutani. "Waoshe vyombo vya Gerold hapahapa?"

"Kaa chini, Tilli, huna kura!"

"Sina kura, nina mdomo! Mkishalipua ule ukingo hamtaurudisha kwa gundi!"

Vinzenz, mwenyekiti wetu, akagonga meza. Kura ikaanza, nyumba moja baada ya nyingine.

Ndiyo. Hapana. Hapana. Ndiyo...

Nilikuwa nahesabu kwa vidole.

Nyumba kumi zikamalizika. Tano ndiyo, tano hapana.

Imebaki moja. Ya baba yangu.

Kassian hakunitazama. Akainua mkono juu kabisa.

"Ndiyo."

Imekwisha!

Gerold alishaanza kupeana mikono na watu. Nikafumba macho. Nikawaza kibanda changu, nikawaza ule weupe wote wa asubuhi, nikatamani kupiga yowe.

"Mwenyekiti, kabla hujatangaza."

Nikafumbua macho. Aliyesimama ni Romana!

Kassian, mkono wa kura bado uko juu, akamvuta koti kwa mkono wa pili. "Romana, kaa chini."

Hakukaa.

"Mwenyekiti, muulize mume wangu ng'ombe wa nyumba yetu wako wapi."

Vichwa vyote vikamgeukia Kassian.

Labda mmeachwa hapo, wasomaji wangu. Kwetu, paa la nyumba halina sauti. Sauti ni ya ng'ombe! Nyumba iliyolisha ng'ombe wake majira ya baridi kwa nyasi ilizokata yenyewe, hiyo ndiyo inaongea habari za mlima. Ni sheria ya zamani mno. Hakuna aliyeiwaza, kwa sababu hajawahi kutokea mwenye nyumba kijijini kwetu asiye na ng'ombe hata mmoja.

"Si wako kwa mzee wako?" Vinzenz akauliza.

"Hawajawahi kukanyaga kwa baba yangu!" Romana akapaza sauti. "Aliwauza kabla theluji haijaanza, kwa mchuuzi wa tambarare. Wote! Hata yule mwenye baka jeupe niliyemzalisha kwa mikono yangu hii. Alisema lifti ikija hatutahitaji tena kunuka samadi. Halafu akatumia jina la baba yangu kufunika uongo wake! Kila Jumapili mnaniuliza ng'ombe wanaendeleaje kwa mzee, nami natabasamu. Nimechoka kutabasamu!"

Kassian alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Wewe si ndiye uliyetaka vile vyumba?"

"Nilitaka bafu jipya, Kassian! Sikukuomba uuze mlima!"

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

Vinzenz akavua miwani.

"Kassian. Ni kweli?"

"Nilipanga... nikishapata nafasi... nitanunua wengine..."

"Sijauliza utakachonunua. Leo hii, una ng'ombe?"

Nitakumbuka mpaka kaburini. Mkono wa kaka yangu, uliokuwa bado uko juu, ukashuka... taratibu... mpaka magotini.

"Tano kwa tano," Vinzenz akasema. "Zikilingana, mlima unabaki ulivyo. Na lile geti, Kassian, litoke kesho."

Gerold akaruka kitini.

"Haiwezekani! Mradi mkubwa namna hii ukwamishwe na ng'ombe?"

"Tena ng'ombe ambao hawapo," akajibu mama yake Egon.

Ukumbi ukalipuka!

Nilimkuta Romana nje, anavaa glavu. Nikafungua mikono nimkumbatie.

"Wifi..."

"Usinikumbatie, watu wanatuangalia. Sikufanya kwa ajili yako."

"Najua."

"Na supu yako ina chumvi mno. Nimekaa nalo hilo tangu siku ya harusi yangu."

Nikacheka huku nalia. Naye akacheka, kidogo, kwa lazima. Kisha tukakumbatiana hivyohivyo, mbele ya kijiji kizima.

Wapendwa, msidhani imeisha hapo. Wiki hii Kassian kaonekana mnadani akikagua mitamba. Akiwanunua, akiwakatia nyasi majira yote ya joto na kuwalisha baridi ijayo, sauti yake itarudi, na Gerold hajaondoka, amepanga chumba palepale kijijini.

Sawa. Anunue! Ni haki yake.

Mimi ninachowaambia ni hiki: usiuze kinachokupa sauti halafu ukataka usikilizwe. Na ukifungiwa njia ya kwenu, usimbembeleze aliyeifunga. Ita watu wako, mpite mchana, mkionekana.

Kassian ajiandae na panga la nyasi. Mimi nina kibanda, nina skii, na tangu Jumapili ile nina wifi.