Msumari Uliomezwa na Mti

Asubuhi hiyo fundi wa pinde alikuta upinde mpya umefungwa ugwe, na yeye hakuufunga. Jamani, mtu huyu amechonga pinde miaka thelathini, na hajawahi kufunga karakana kabla ya kuvua ugwe, yaani ile kamba ya upinde, ili mti ujinyooshe na kupumzika. Upinde ukiachwa umepinda siku nyingi huchoka, na uliochoka ni kuni tu. Akajiambia uzee hauna hodi. Akavua ugwe, mti ukanyooka, na upande wa pili wa ukuta mkewe akaguta kwa maumivu.

Alimkuta jikoni, alipokuwa ameinama akipuliza moto, mkono kiunoni, hawezi kuinuka. Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno, hata jino likimuuma alitania. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema huku jasho likimtoka, "mimi nimekunjwa nimeshakauka." Wakacheka wote wawili. Fundi akamkanda kwa maji ya moto mpaka jioni, lakini mgongo ulikataa.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana kosa lilikuwa limeshafanyika. Mti wa upinde ule fundi aliukata mwenyewe nyuma ya machimbo ya kokoto yaliyoachwa. Ulinyooka kuliko yote, wala hakujiuliza kwa nini wakata kuni waliuruka miaka yote hiyo. Alipoupasua akakuta msumari mrefu, umeliwa na kutu, mti umeufunika kabisa. Seremala angekata kipande kile akatupa, akaendelea na kazi yake. Fundi wa pinde anahitaji urefu wote, na chuma ndani ya upinde ni ufa unaosubiri siku yake. Akaung'oa. Ulitoka ukilia, karakana ikanuka chuma kilicholowa damu. Kisha, kama kazi inavyotaka, akachonga mgongo wa upinde akifuata pete moja ya umri wa mti kutoka ncha hadi ncha, akiondoa kila kilicho juu yake, mpaka tundu la msumari likaisha. Mkewe akazoa maranda akapikia.

Kesho yake upinde ulikuwa na ugwe tena, na mkewe yuko uani anafagia, mzima kabisa. Fundi alishukuru, akavua ugwe. Ufagio ukaanguka. Hapo, kwa sababu mtu mzima haambiwi mara tatu, akaukamata upinde, akaukunja pajani, akarudisha ugwe mahali pake, akasimama akisikiliza ukuta, mpaka akasikia mkewe akishusha pumzi ndefu, na sambamba na pumzi hiyo, ndani ya mti aliouchonga kwa mkono wake, akasikia pumzi nyingine ikipandishwa.

Mganga alikuja saa sita mchana, mtu mfupi mwenye mafua, leso haimtoki puani. Aliushika msumari kwa leso hiyohiyo.

"Kuna mtu alimfunga jini humo mtini," alisema kwa sauti ya chini. "Tundu la msumari liko wapi?"

"Nimelichonga."

"Maranda yake?"

"Tumeyapikia."

Mganga akakaa chini taratibu. Alisema msumari hurudishwa ulikotoka, na fundi hakubakisha mahali pa kuurudisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Jini huyu hukaa kwenye kitu kilichopinda, na upinde ungali imara huufunga ugwe mwenyewe usiku. Upinde ukinyooka, au ukivunjika, huhamia kwa mwenye uhai aliyepinda kuliko wengine, na amekwisha kumjua mama wa nyumba hii. Alikataa hata chai, akaenda zake.

Basi wakafungwa bila kufuli. Upinde ulikaa ukutani umekunjwa mchana kutwa na usiku kucha, na mtu hathubutu kutoka akauacha. Mkewe aliacha kuinama. Alipika amekaa kitini, kijiko kikianguka alikiacha palepale. Nguo zao, mito yao, maji ya kunywa, vyote vilinuka kutu. Kila asubuhi fundi alipiga ugwe kwa kidole. Siku ya kwanza ulilia juu, mwembamba, kama mbu. Wiki ya pili ulishuka. Wiki ya tatu ulinguruma tu, na fundi alijua maana yake kuliko mtu yeyote: mti unachoka.

"Unaliaje leo?" mkewe aliuliza kila siku.

"Vizuri."

Alhamisi, wakila, upinde ulitoa mlio wa ufa mara moja ukutani. Fundi akasema ni bati linapata joto. Mkewe akaweka kijiko chini.

"Usinidanganye, mume wangu. Nikipinda safari hii, usijaribu kuninyoosha. Naogopa nitakatika."

Fundi hakulala vizuri wala hakula. Alikuwa akimpenda mwanamke huyu, hilo tuliseme wazi, na alikuwa akiogopa. Lakini fundi ni fundi, anafikiri kwa mikono. Alikumbuka mara zote mbili mkewe alikuwa ameinama: motoni, kisha ufagioni. Akamwambia alale chali sakafuni, anyooke kama ubao, asiulize. Kisha akaingia karakana, akaushusha upinde, akainama kando ya meza ya kazi kuliko alivyowahi kuinama maishani, kidevu kikagusa magoti, na katika kuinama huko akavua ugwe.

Mkewe aliinuka mwenyewe. Akainama, akaokota kijiko, akasimama wima, akalia kwa furaha.

Siku hizi majirani humtania fundi kwamba pinde zimemwambukiza. Naye hucheka, uso ukitazama vidole vya miguu yake. Mkewe ndiye humvalisha viatu, na mara nyingi amemsihi ajaribu kunyooka, hata kidogo. Aliwahi kujaribu mara moja, alipokuwa peke yake karakana. Alishika meza, akajiinua upana wa kidole kimoja.

Jikoni kikombe kikaanguka, na mkewe akaguta. Fundi akainama tena.