Pumziko Lililokula Misuli

Mshonaji alikuwa na cherehani sebuleni, na mumewe alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Nusu ya mabati ya mtaani yalipita begani kwake. Mkewe alimshonea suruali zote bila kumpima, maana kiuno na mapaja yake aliyajua kwa kichwa.

Kisha homa ya mapafu ikamwangusha fundi. Alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi, mpira kooni, akipumua kwa mashine. Mkewe hakukosa hata siku moja saa ya kutazama wagonjwa.

Siku ya sita mgonjwa alifumbua macho. Akaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alieleza kwamba hali imetulia na daktari ameruhusu: mgonjwa akunjwe miguu, kisha aketishwe ukingoni mwa kitanda. Mshonaji alikuja juu huku machozi yakimtoka. Mtu ametoka kuchungulia kaburi, leo afanyishwe gwaride?

"Mume wangu, kataa," alisema. "Pumzika. Nguvu zitarudi zenyewe."

Kwa sababu ya mpira, mgonjwa hakuweza kusema. Alitikisa kichwa kukataa. Kesho yake akakataa tena, na siku zilizofuata vivyo hivyo. Wahudumu walimsihi, lakini hawakumlazimisha. Mkewe alitembea kifua mbele, akidhani amemtetea.

Siku kumi zikapita hivyo. Mpira ulipotolewa, mgonjwa alihamishiwa wodi ya kawaida. Mkewe alimletea suruali mpya, na ikampwaya vibaya. Akatoa futi yake ya ushonaji, akampima paja. Akapima mara ya pili, maana hakuyaamini macho yake. Fundi naye alijaribu kushika kijiko, kikamponyoka.

Mshonaji alimfuata mtaalamu kwenye korido. Safari hii hakupandisha sauti.

"Nimemponza mimi?"

Mtaalamu hakutaka kumdanganya. "Si wewe peke yako, dada. Ugonjwa mzito wenyewe hula misuli, tena haraka, hata mgonjwa akilishwa vizuri. Lakini kulala bila kujongea kunazidisha. Zile siku kumi tungeweza kuokoa kiasi."

"Sasa itarudi?"

"Polepole. Pengine isirudi yote."

Alimfundisha la kufanya. Kila siku awaulize wauguzi kama mgonjwa yuko tayari kwa mazoezi. Amkunje mikono na miguu taratibu, kama atakavyoonyeshwa. Asimwinue peke yake, hasa akiwa na mipira mwilini, maana inaweza kuchomoka. Daktari akiruhusu chakula, ale mayai, maharage, samaki au maziwa. Na lile analoweza kulifanya mwenyewe, hata kuchana nywele, aachiwe alifanye.

Hilo la mwisho ndilo lililomshinda mshonaji kwa muda mrefu. Ilimuuma kumtazama mumewe akihangaika na kikombe. Hata hivyo alijikaza. Wiki ya tatu fundi alisimama. Baada ya miezi minne alikwenda dukani kwa fimbo na kurudi. Juu ya paa hakupanda tena. Sasa hukaa chini akiwaelekeza wenzake, na siku hizo hurudi nyumbani amenuna.

Jirani alipolaziwa mama yake katika chumba kile kile, mshonaji alimwambia bila kuzunguka: wakisema aketi, mtie moyo aketi. Yule mama alitoka akitembea. Mshonaji alifurahi, kisha akaenda chooni akalia.

Jioni moja, wakiwa mezani, fundi alimwambia jambo ambalo hakuwahi kulitaja.

"Siku ile mimi nilitaka kuketi."

"Mbona ulikataa?"

"Wewe ulikuwa unalia."

Fundi alishika meza, akaanza kuinuka. Mara ya kwanza alirudi kitini, na ya pili vilevile. Mkewe alitamani kumkimbilia, lakini alikaa palepale, akasubiri mpaka mumewe akasimama mwenyewe.