Uzi Kwenye Kibao

Kila siku baada ya masomo, Sisimizi alipita katika karakana ya chuo alichosomea shangazi yake. Wanafunzi wa pale ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na hakujua kukaa bure. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, kisha akaanza kazi yake: kulaza karatasi juu ya kibao na kuianika kambani ikishachapwa. Wino ulikuwa wa Shangazi. Mwenye wino hagusi karatasi, mwenye karatasi hagusi wino. Hiyo ndiyo sheria ya karakana.

Shangazi alikuwa akisomea shahada ya uzamili katika sanaa ya kuchapa picha kwa vibao vya mbao. Baba hakuacha kumtania.

"Dada yangu, na mvi zote hizo, unasomea kupiga mihuri!"

"Cheka tu, kaka. Mungu akinijalia, nitawafundisha wajukuu zako."

Alhamisi hiyo hakukuwa na mzaha. Kesho yake asubuhi Shangazi alitakiwa kuwasilisha nakala ishirini za picha moja, zifanane kama mapacha. Zikitofautiana, angerudia mwaka mzima. Picha yenyewe ilikuwa ya fundi cherehani, uzi mwembamba ukishuka kutoka kwenye sindano. Karatasi zilikuwa ishirini na mbili tu.

Nakala ya kumi ilipoanikwa, Shangazi alitoka kwenda kuosha rola ya wino.

"Niangalizie kibao. Usikiguse."

Sisimizi alikiangalia. Akaona mstari mwembamba uliovimba mahali palipochongwa. "Wino umeganda," aliwaza. Akachukua patasi ndogo ili asafishe. Mstari ulibanduka mara moja, mbao nyeupe ikaonekana chini yake.

Haukuwa wino. Ulikuwa ule uzi wa fundi cherehani, ulioachwa umeinuka ili ushike wino.

Alipuliza vumbi, akairudisha patasi mahali pake. Shangazi akarudi, akapaka wino, wakachapa ya kumi na moja. Sindano haikuwa na uzi. Ya kumi na mbili vivyo hivyo. Kimoyomoyo Sisimizi akaomba, "Ee Mungu, Shangazi asione." Papo hapo akaona haya. Dua gani hiyo, ya kumwomba Mungu amsaidie kuficha?

"Shangazi, simama! Nimeukwangua uzi. Nilidhani ni wino."

Shangazi alitazama kibao, akatazama kamba. Aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Nilikuambia nini?"

"Nisiguse."

"Na nakala mbili zote hizo umenyamaza?"

"Niliogopa."

Kutoka meza ya pili, mwanafunzi waliyemwita Ndevu akadakia, "Dada, uzi tu huo! Mwalimu hataona."

"Yule? Yule hukagua nakala kama mama anayetafuta chawa. Na hata asipoona, mimi nimeshaona."

Shangazi alifumba macho, midomo ikicheza kwa sala fupi. Alipoyafumbua, alikunja mikono ya shati.

"Lete gundi. Na kipande cha mbao ya aina hii hii."

Alichimba kijishimo penye uzi uliobanduka, akatia kipande kilichobana sawasawa. Gundi ilipokauka, alichonga uzi upya akiulinganisha na nakala ya kwanza, akitua kila baada ya mkato. Zilibaki karatasi kumi, hakuna hata moja ya kuharibu. Sisimizi alilaza kila moja kwa ncha za vidole huku akimtaja Mungu. Jua halijazama, nakala ishirini zilikuwa kambani.

Kesho yake alipofika karakanani kutoka shuleni, alimkuta mwalimu wa Shangazi, mama mfupi mwenye miwani, amekishika kibao.

"Nakala zimefanana, umefaulu," alikuwa akimwambia Shangazi. "Lakini kiraka hiki ni cha nani?"

Sisimizi akainua mkono. "Kosa ni langu, Mwalimu. Kiraka ni cha Shangazi."

Mwalimu alicheka, akainama.

"Wanafunzi wangu wametapakaa, mwanangu. Yuko anayebuni maua ya vitambaa kiwandani, yuko anayechapa vitabu vya watoto, yuko anayetunza ramani kuukuu katika makumbusho. Wote walikosea humu humu. Aliyeficha kosa lake, lilijichapa katika kila karatasi iliyofuata. Aliyesema, tulilitia gundi. Sema mapema, karatasi zingali zipo."