Mashine Isiyojua Musiro

Kila asubuhi Chamima huweka jiwe mlangoni. Hulimwagia maji kidogo, kisha husugua kijiti cha mti wa musiro mpaka utoke uji mweupe. Uji ule hujipaka usoni. Musiro hulainisha ngozi na kukinga jua. Hapa kwetu, ghuba ya Tungue, kaskazini mwa Msumbiji, mwanamke akienda pwani kuokota chaza au akienda sokoni, utamwona uso mweupe. Si ajabu. Ajabu ni yule asiyepaka.

Mumewe, Adamo, hutengeneza nyavu za wavuvi. Walikimbia vita, wakakaa ugenini, wakarudi. Mtoto wao wa mwisho, Zuleica, alizaliwa huko ugenini. Hakunenepa. Wenzake walikuwa wanatembea, yeye hata kusimama hajasimama. Kwa hiyo aliandikiwa unga wa lishe. Unga huo ulitolewa kila mwezi kwenye kituo cha shirika moja la misaada.

"Mama Zuleica, usikose kwenda kuuchukua," dada Gracinda alimwambia. "Mtoto huyu akikosa unga huu, atarudi nyuma."

Gracinda ni jirani yao, Mmakonde wa Mueda. Ni ativista wa afya. Kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba kupima watoto na kuwafundisha wazazi.

Mwanzo unga ulitolewa kwa kadi. Unaonyesha kadi, unapewa, unakwenda zako. Halafu shirika likaleta mashine. Ni kioo bapa kama sahani, wanakiita tableti. Kijana mmoja, Gildo, alikuwa anakielekeza usoni kwa kila mama.

"Tazama hapa, senhora. Usitikisike."

"Ya nini hii?"

"Kuandikishwa upya. Kadi basi. Kuanzia leo kadi yako ni sura yako."

"Afadhali," akasema Mwajuma, jirani mwingine wa Chamima. "Kadi naisahau nyumbani. Sura nitaisahau wapi?"

Wanawake wakacheka. Wakapigwa picha wote, na musiro wao usoni, maana walikuwa wametoka pwani. Shika hili, mama mwenzangu unayesoma. Hakuna aliyeuliza picha zinakwenda wapi. Hakuna aliyeuliza mashine ikikosea tumwendee nani.

Mwezi uliofuata, Chamima alipanga mstari na Zuleica mgongoni. Zamu yake ikafika. Gildo akaelekeza mashine. Ikalia tii, ikawa nyekundu.

"Chamima Ussene. Umeshachukua."

"Nimechukua nini? Ndiyo kwanza nafika."

"Mashine inasema umechukua asubuhi hii hii."

"Mwanangu, mimi nimesimama mbele yako. Unaniamini mimi au hiyo sahani?"

Watu wakacheka. Gildo hakucheka. Alimgeuzia kioo. "Mwangalie aliyechukua. Huyu hapa."

Chamima akatazama. Musiro ulikuwa umefunika uso, lakini ushungi ule wa kijani aliujua.

"Huyu Mwajuma!"

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kisimani, akamkuta Mwajuma anateka maji.

"We Mwajuma! Unga wa mwanangu uko wapi?"

"Unga gani?"

"Umejifanya mimi. Umechukua kwa jina langu."

"Mimi nijifanye wewe? Nimekosa wa kujifanya? Nimechukua unga wa mjukuu wangu. Walinielekezea kioo, kikalia, nikapewa. Jina la mtu sikutaja."

"Mashine haisemi uongo. Mwizi wewe!"

Mwajuma akaweka ndoo chini.

"Unaniita mwizi kwa neno la mashine? Haya. Leo ukiishiwa chumvi, kaombe kwa mashine."

Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Chamima alirudi kituoni kesho yake. Safari hii alinawa uso vizuri, akidhani labda atajulikana. Mashine ikasema haimjui kabisa. Adamo naye akaenda kwa chefe, yaani mkuu wa kituo, bwana Henrique.

"Mfumo uko sawa," bwana Henrique akamwambia. "Hiyo ni kesi yenu tu."

"Sawa, chefe. Nani anaweza kuifungulia hiyo mashine impe mtoto unga?"

"Hapa hakuna. Inaamua yenyewe."

Adamo akarudi mikono mitupu. Nyumbani wakampikia Zuleica uji wa muhogo. Alikunywa, akalala. Akaamka, akalala tena. Mama yeyote anajua maana ya mtoto anayelala hivyo.

Gracinda alipokuja kumpima, alitazama mizani, kisha akamtazama Chamima.

"Amepungua. Unga hampati?"

Chamima akaeleza yote, mpaka ugomvi wa kisimani. Gracinda akaguna.

"Kanisani kwetu yuko bibi mmoja, Mmakonde kama mimi. Ana chale uso mzima, za kizamani. Naye mashine imemkataa. Padre alikwenda kulalamika. Unajua aliambiwaje? 'Hiyo ni kesi yenu tu.'"

"Maneno hayo hayo!" Adamo akasema. "Na mimi niliambiwa hayo hayo!"

"Kwani hiyo mashine ina nini?" Chamima akauliza. "Ina jini?"

Gracinda akacheka kidogo. "Haina jini. Wanaiita akili bandia. Sikiliza. Mashine hii imefundishwa kwa kuonyeshwa picha nyingi za nyuso. Ikiona uso mpya, inaufananisha na zile inazozijua. Sasa, aliyeifundisha hakuionyesha mwanamke wa musiro. Hakuionyesha bibi mwenye chale. Kwa hiyo ikiona uso mweupe, inashika ule weupe. Wewe na Mwajuma mkipaka, kwake ninyi ni mtu mmoja. Ukinawa, haikujui tena, maana ilikuandika na musiro."

"Kumbe haijui?"

"Haijui. Inakisia. Tena inakisia kwa sauti ya mtu anayejua. Ndiyo hatari yake."

Chamima akashika mdomo. "Basi Mwajuma hakuiba."

"Hakuiba. Na wewe hukudanganya. Mashine imekosea, ninyi mkagombana."

Gracinda hakuishia hapo. Aliwapigia simu ativista wenzake wa Mocímboa da Praia na wa Namoto, kule mpakani. Kote aliambiwa wako wanawake waliokataliwa. Akina mama wa msikitini walikuwa wamelalamika peke yao. Wa kanisani peke yao. Chama cha wavuvi peke yao. Kila mmoja alijibiwa kwamba kesi ni yake tu. Kisha akampata mwalimu wa chuo kimoja cha Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, msomi anayeitwa doutora Dulce. Yeye na wenzake walikuwa wanachunguza mashine za namna hii. Gracinda akawaita wote kwenye banda la barafu la wavuvi.

Kikao kilianza vibaya. Doutora Dulce alifika, akasalimia, akatoa simu ili apige picha. Chamima akamfunika Zuleica uso kwa kanga.

"Na wewe? Umekuja na kioo chako?"

Doutora akaishusha simu.

"Una haki, mama. Ningeanza kwa kukuuliza. Nisamehe."

"Uliza sasa," Mwajuma akadakia. Alikuwa amekaa pembeni, amempa Chamima mgongo. "Sisi tumetoka kwenye vita. Tunajua ubaya wa jina lako kukaa mahali usipopajua, sembuse sura. Hizi picha zetu wanazo nani?"

"Swali hilo na sisi tunauliza," doutora akajibu. "Mwaka mzima chuoni tunaandika kwamba mashine hizi zinaweza kukosea. Wakubwa wanatuambia, leteni mfano mmoja wa hapa nchini. Hatukuwa nao."

"Mifano iko huku inakosa unga!" Adamo akasema. "Ninyi mnaandika huko, sisi tunalia huku. Hata simu hampigi?"

Watu wakaguna. Doutora akainamisha kichwa, kisha akacheka kwa aibu.

"Hatukupiga. Leo ndiyo tumeanza."

Wakajadiliana. Wa msikitini hawakutaka majina ya wanawake yatajwe ovyo. Wa kanisani walitaka kazi iende haraka. Wavuvi walitaka barua ipelekwe kwa serikali siku hiyo hiyo. Mwisho wakakubaliana. Kila kundi likusanye habari za watu wake, wale wanaokubali tu. Wa chuo waziunganishe waone kosa liko wapi. Na kabla barua haijakwenda popote, isomwe hapa kwanza, kwa Kiswahili, wenyewe waseme ni kweli.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika. Doutora alirudi na barua, Gracinda akaisoma kwa sauti. Mwajuma akairekebisha mahali pawili, na doutora akakubali. Ndipo shirika likaitwa pamoja na serikali ya wilaya. Shirika likamtuma bwana Henrique. Gildo alikuja na mashine yake.

Bwana Henrique alisikiliza, kisha akatikisa kichwa. "Mashine hii imejaribiwa kila mahali. Labda akina mama wanapeana zamu ili wachukue mara mbili."

"Imejaribiwa kila mahali," doutora akasema. "Imejaribiwa na musiro?"

Mwajuma akasimama. Alikuja na jiwe lake na kijiti chake.

"Gildo, mwanangu, njoo ukae."

"Mimi? Bibi, mimi mwanamume!"

"Kaa, hutaolewa leo."

Banda likalipuka kwa kicheko. Gildo akakaa. Mwajuma akampaka musiro paji la uso, mashavu, kidevu. Kisha doutora akachukua mashine, akamwomba Gildo ruhusa, akamwelekezea. Ikalia tii. Ikawa kijani. Gildo akaisoma mwenyewe.

"Mwajuma Jamaldine. Apewe."

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. "Shikamoo, bibi Gildo!" mvuvi mmoja akapiga kelele. Hata bwana Henrique alijifunika uso kwa mkono, mabega yakitikisika.

Chamima hakucheka. Alimtoa Zuleica mgongoni, akamnyanyua mbele ya wote. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala begani.

"Mnacheka. Gildo akipaka musiro anapewa unga. Mwanangu huyu, mwenye njaa ya kweli, hapewi. Nani amejibu hilo?"

Kicheko kikakatika. Bwana Henrique akamsogelea mtoto. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mama huyu apewe leo. Kwa kadi. Na wote waliokataliwa. Mashine iwekwe kando mpaka tujue."

"Bado," Mwajuma akasema. Alikuwa anamtazama Chamima. "Uliniita mwizi mbele ya watu. Unisafishe mbele ya watu."

Chamima akageukia mkutano. "Mwajuma si mwizi. Niliiamini mashine, sikumwamini jirani. Nimemkosea."

Mwajuma akaja mbele. Alimpokea Zuleica, akamshika ili Chamima apate mikono ya kubebea unga.

Mashine haikutupwa. Imerudi, maana inasaidia pia. Lakini imerudi kwa masharti. Sasa, kabla ya picha, unaelezwa kwa lugha yako ni ya nini, itakaa wapi, na itafutwa lini. Asiyetaka anatumia kadi, na hanyimwi kitu. Mashine ikikataa, yupo mtu wa kukusikiliza siku hiyo hiyo, na neno lake linaishinda mashine. Iko kamati pia, ya akina mama, wavuvi, msikiti, kanisa na watu wa chuo. Kamati ya hapa inazungumza na za Mocímboa na Namoto. Kosa likitokea moja, wote wanajua. Hakuna tena anayeambiwa ni kesi yake tu.

Kazi haijaisha. Zitakuja mashine nyingine, za hospitali, za shule, za leseni za uvuvi. Mimi zinanitia hofu, sifichi. Wewe unayesoma, ikikufikia moja, usione haya kuuliza. Inaamua nini? Imefundishwa na nani? Ikinikosea, namwendea nani? Wasipokuwa na jibu, usiende nyumbani ukanune peke yako. Mtafute jirani, mtafute ativista, kitafuteni chuo. Ulizeni kwa pamoja.

Juzi Gracinda alikuja kumpima Zuleica. Alimtia kwenye kaptura ya mizani, akamning'iniza. Mtoto alikasirika. Alirusha miguu, akapiga kelele mpaka kuku wakakimbia, akamvuta Gracinda kilemba kikaanguka.

"Mama Zuleica, mkataze mwanao!"

"Hashikiki siku hizi," Chamima akasema, anacheka, machozi yanamtoka. "Tangu ajue kusimama, anapiga kila mtu."

Gracinda akaokota kilemba chake. "Mwache apige," akasema. "Mwache apige sana."